Nne kwa Kumi

Kondele, Kisumu
4 Agosti 1997

Kwa Shemeji Mwalimu Lornah,

Pokea salamu zangu na za Maximilla, ambaye sasa hivi yuko jikoni na hawezi kushika kalamu. Sisi huku ni wazima. Ndugu yangu Oduor yu hali gani huko Bondo, na watoto?

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa nne. Zipitie na kalamu yako nyekundu kama kawaida, maana mhariri wa Mwangaza wa Ziwa akiona Kiswahili changu kimenyooka hudhani nimemwajiri mtu wa Mombasa. Lakini nakuonya mapema kwamba safari hii si filamu. Mhariri amegundua kuwa vijana wa Kisumu wameacha kutazama video, wote wamejazana chumbani kwa Shitanda hapa Kondele wakicheza gemu za kwenye TV. Basi safu yangu ya Jicho Kali, ambayo kwa miaka sita imepima filamu na kuzipa alama kwa kumi, sasa ipime gemu. Mimi, Gordon Obiero, mtu wa miaka arobaini na moja, nimeketi sakafuni nikibonyeza kidude cha plastiki.

Shitanda ameniazima mashine na kaseti moja. Gemu inaitwa Taji la Barafu. Mfalme amekufa, ameacha wana watatu, nawe unawaongoza: unalima, unajenga ngome, unatuma jeshi, kisha unangoja adui naye acheze zamu yake. Yaani ni ajua tu, bao la babu yangu, wameivisha koti na kofia. Babu alihitaji mashimo kumi na sita na kokoto. Hawa wamehitaji umeme.

Na kazi yenyewe ni ya ovyo. Waliochora ramani hawajawahi kuona ziwa. Wameweka moja katikati, kubwa, la buluu, halina mtumbwi, halina samaki, halina hata magugu. Ngano inapandwa zamu hii na kuvunwa zamu ijayo. Askari mia tatu wanapanda mlima kwa zamu ishirini na hakuna anayeuliza chakula. Kuna kabila zima la watu wenye masikio ya mbuzi ambao kazi yao ni kulilia msitu. Kila ukibonyeza kitufe anatokea waziri mzee, anainama. Nimehesabu, ameniinamia mara mia mbili, na hajawahi kunipa shauri moja la maana.

Lakini kinachonichefua hasa ni hiki. Wale wana watatu wanaishi ndani ya ngome ya marehemu baba yao, na gemu inamruhusu yule mdogo atoke akajenge ngome yake kabla ya kaka yake mkubwa. Mdogo! Na hakuna kinachompata. Hakuna chira, ile laana ya kuvunja mwiko, haugui, shamba halikauki, waziri anainama tu. Nimekataa kucheza upuuzi huo. Nimewazuia wadogo wote wawili wamngoje mkubwa, na kwa sababu hiyo nimeshindwa mara saba. Si kosa langu. Ni kosa la watu waliotengeneza ufalme bila kuuliza mtu yeyote jinsi boma linavyojengwa.

Kwa sasa naipa mbili kwa kumi.

Shemeji yako,
Gordon Obiero

*

Bondo
15 Agosti 1997

Kwa Shemeji Gordon,

Kurasa zako nazirudisha. Umeandika neno "upuuzi" mara kumi na moja. Nimekuachia mawili, chagua mahali pa kuyaweka. Pia "kidude" si jina la kitu, ni uvivu wa kutafuta jina.

Sasa tuache TV. Unaijua nyumba yangu, ile aliyonijengea Oduor ndani ya boma la mama mkwe nilipoolewa. Ni miaka kumi na miwili sasa. Ukuta wa nyuma umeinama hata nikiweka kijiko juu ya meza kinateremka chenyewe. Tunalala humo watu sita. Redio inasema mvua ya mwaka huu haitakuwa mvua ya kawaida, wameipa hata jina, El Niño. Nyumba hii haitaiona Krismasi.

Kiwanja chetu kiko pale juu, na chako kiko kando yake. Mbao tumekata, mabati yapo, watu wa kusimamisha wapo. Kinachokosekana ni wewe. Unajua vizuri kuwa Oduor hawezi kutoka akajenga boma kabla ya kaka yake. Mimi kanisani naambiwa mambo hayo yamepitwa, lakini ndugu yako hatalala chini ya paa lililomruka mkubwa wake. Nimejaribu kumshawishi mwaka mzima. Akiona mtoto anakohoa tu atasema ndiyo hayo.

Tunakuomba siku moja, Shemeji. Baba yenu mdogo atatangulia, mtoto wenu wa kwanza abebe jogoo, wewe ubebe shoka, Maximilla abebe moto. Nyumba ndogo inasimama kabla ya jua kuzama. Ukitaka kurudi Kondele kumwongoza mfalme wako, rudi. Sisi tutajenga wiki inayofuata.

Nakuandikia Kiswahili badala ya lugha ya nyumbani ili Maximilla asome naye. Dada, niandikie mstari mmoja kwa mkono wako: jiko unalitaka upande gani?

Mimi,
Lornah

*

Kondele, Kisumu
30 Agosti 1997

Kwa Shemeji Mwalimu Lornah,

Asante kwa wekundu wako. Maximilla anasema jiko likae upande wowote. Angekuandikia mwenyewe ila amejikata kidole na kisu. Habari ya kuja nitaitazama, mwezi huu ni mgumu, mhariri amenibana.

Nakuletea rasimu ya pili. Nimeipandishia gemu hadi tatu kwa kumi, kwa kuwa nimegundua muziki unaweza kuzimwa.

Shitanda alikuja kunitembelea akaniona nacheza. Alicheka mpaka akaomba maji. Ananiambia, "Mzee, mtoe huyo mdogo nje! Uko zamu ya themanini na bado wamejaa kwa baba yao kama kuku kwa tenga!" Nikamwambia yeye ni Mluhya, hajui anachosema. Akasema hata kwao mdogo hangojei mpaka azeeke. Mtu wa kukodisha michezo kwa watoto ananifundisha siasa.

Kwenye rasimu utaona nimeongeza aya kuhusu yule mtoto wa kwanza wa mfalme. Gemu inasema anaweza kwenda kujenga ngome wakati wowote, peke yake, shoka begani. Takataka. Mtu atajengaje boma hana mke? Nani atawasha moto wa kwanza? Ukitazama vizuri, mwanzoni kabisa kuna maandishi madogo kwamba mkewe alirudi kwao kusini. Basi. Hatajwi tena. Wameweka njia ya kununua farasi, njia ya kuajiri wachawi, njia ya kufuga joka, lakini ya kumrudisha yule mke hawakuweka. Nimebonyeza kila kitufe.

Wako,
Gordon

*

Bondo
8 Septemba 1997

Kwa Shemeji Gordon,

Safari hii sikusahihisha. Nimesoma rasimu mara tatu, kisha nikamsomea Oduor.

Nitaanza na yale ya kukuchekea, maana wewe ni shemeji yangu na nina haki hiyo. Umewafungia wana wa mfalme kwa baba yao zamu themanini. Umeandika kwamba askari wanatoroka kwa kubanana, paa la ngome limeonyesha alama nyekundu, na wewe umewalaumu waliotengeneza gemu. Shemeji, mimi ninaishi ndani ya ngome hiyo. Kijiko changu kinateremka mezani. Yule mdogo unayemzuia kwa kidole gumba ni mume wangu, naye anakungoja wewe, na wewe unangoja nini?

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nimekusoma miaka sita. Hakuna kitu ambacho hujakidharau: filamu, waigizaji, mahubiri ya harusi yangu, hata chai ya mama yako. Katika kurasa nane ulizoniletea, kuna sentensi moja tu isiyo na dharau ndani yake. Umeandika, "Nimebonyeza kila kitufe."

Maximilla aliyejikata kidole mwezi Agosti ndiye huyo huyo aliyekuwa na malaria Pasaka, na Juni alikuwa amelala nilipopiga simu kwa jirani yenu saa saba mchana. Sijaona mwandiko wake tangu Krismasi.

Shemeji, Maximilla yuko wapi?

Lornah

*

Kondele, Kisumu
20 Septemba 1997

Mwalimu,

Nilikutumia uchambuzi usahihishe lugha. Sikukutumia maisha yangu.

Watu wa nyumba yangu hawajambo. Mwambie Oduor kama ana haraka sana amjengee mkewe nyumba ya kwenye TV, huko hakuna utaratibu. Gemu nimeirudisha mbili kwa kumi. Kurasa zangu naomba uzitume zilivyo.

G. Obiero

*

Bondo
8 Oktoba 1997

Kwa Dada Maximilla,

Sijui kama barua hii itakukuta. Nimeituma kwa jina la baba yako, huko Chwele, kwa sababu hapo ndipo ningekimbilia kama ningekuwa wewe. Kama uko Kondele na kidole kilichofungwa kitambaa, nisamehe, nicheke, na uirudishe.

Kama uko huko, sikulaumu, wala siulizi ilikuwaje. Nina jambo moja. Jumapili tukiwa kanisani ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ulianguka wote. Ulianguka juu ya kitanda cha watoto. Tulikuta matofali yamelala pale wanapoweka vichwa. Sasa tumesambaa, wawili kwa mama mkwe, wawili jikoni, Oduor amesimamisha turubai na kila usiku analishikilia. Mvua haijaanza kupumzika.

Nilimwambia tujenge kule juu sasa, tusingoje mtu. Alilia, Dada. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Akasema akiruka zamu ya kaka yake na kisha mtoto mmoja akafa, itabidi aishi akijua ni yeye. Gordon ananiandikia kurasa nne nne kuhusu mfalme wa kwenye TV, na boma lake halisimami bila wewe kuwasha moto wa kwanza.

Walimu tumegoma, kwa hiyo nina wakati wa kungoja barua.

Mwenzako,
Lornah

*

Chwele
16 Oktoba 1997

Kwa Dada Lornah,

Imenikuta. Niko kwetu tangu tarehe kumi na tisa Januari. Nashukuru Mungu mlikuwa kanisani. Nilipofika mahali pa kitanda niliiweka barua chini nikatoka nje kidogo.

Hukuuliza ilikuwaje lakini nitakwambia, maana watu wakisikia watasema aliniwekea mwanamke mwingine, na sitaki apewe sifa asiyoistahili. Gordon hakunipiga, hakulewa, hakutembea na wanawake. Alinipa alama. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Ugali, sita kwa kumi. Nywele mpya, tano. Kaka zangu walipokuja kututembelea, akangoja wafike mlangoni wakiondoka, akasema tatu. Kila kitu kilichopita mbele ya macho yake kilikuwa na kasoro na yeye ndiye aliyeiona kwanza.

Siku ile nilikuwa nimeamka mapema kutafuta omena, dagaa wabichi wa ziwani, nikaikausha vizuri, nikaipika kama mama yenu alivyonifundisha, na nyanya na maziwa lala. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, hakukumbuka, nami sikusema. Nilimwekea, nikasimama. Akaonja. Akasema, "Nne kwa kumi." Kisha akala yote, mpaka akafuta sahani kwa ugali. Nilichukua watoto na sufuria zangu mbili.

Tangu hapo ni miezi tisa, na hajaniandikia hata mstari. Nasikia kutoka kwako anaandika kurasa nne nne kuhusu mfalme wa kwenye TV.

Kuhusu moto: nitakuja kuuwasha kwa ajili yako na watoto wako. Lakini sitakuja kama mtu aliyeitwa na wewe tu. Mwenye boma aniombe mwenyewe, kwa mkono wake, na barua isiwe na alama ndani. Asipoweza hilo, huyo si wa kujengewa boma hata mvua isipokoma.

Dada yako,
Maximilla Nabalayo

*

Bondo
20 Oktoba 1997

Shemeji,

Ndani kuna barua ya Maximilla. Nimepiga mstari mwekundu pale unapohitaji kusoma mara mbili. Kurasa zako za gemu zililowa siku ukuta ulipoanguka, hazisomeki tena. Hakuna kilichopotea.

Turubai lilipasuka jana.

Lornah

*

Kondele, Kisumu
27 Oktoba 1997

Maximilla,

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza ilianza kwa kusahihisha tarehe uliyosema uliondoka, nikaona nimeanza tena.

Nitakwambia kwanza habari ya gemu, usikasirike, nitafika. Juzi nilisoma barua yako kisha nikawasha mashine kwa sababu sikujua pa kuweka mikono. Nikamwachia yule mdogo atoke. Alijenga ngome kwa zamu moja. Wa pili akajenga. Jeshi likajaa, maadui wakakimbia, na kufikia zamu ya mia moja na sita nikashinda ile takataka niliyopigana nayo miezi mitatu. Tarumbeta zikalia. Na mtoto wa kwanza wa mfalme alikuwa bado peke yake ndani ya ngome ya baba, waziri anamwinamia. Sijawahi kuona ushindi wa kijinga kama ule. Nimemrudishia Shitanda kaseti yake. Aliniuliza nimeipa ngapi. Mhariri naye ananiuliza. Sijawajibu, na safu ya wiki hii imetoka ikiwa na tangazo la mbolea.

Omena ile ilikuwa nzuri. Nilijua ilikuwa nzuri kabla sijaimeza. Ulikuwa umesimama pale ukinitazama usoni ukingoja, na mimi mtu akiningojea hivyo naona kama amenishika shingo, basi nampunguzia. Nimefanya hivyo kwa watu wengi, wengine wananilipa kwa hilo. Kwako nilifanya bila malipo. Siku ya ndoa niliikumbuka saa tisa alasiri, ukiwa umeshapanda gari.

Nilisema moyoni utarudi baada ya wiki moja. Baada ya mwezi nikaona aibu kuandika. Baada ya miezi mitatu nikaanza kuwaambia watu uko jikoni. Jikoni hakuna mtu, Maximilla. Nakula kwa kina Dorca, yule mama wa kibanda cha chai, na sijathubutu kumwambia neno kuhusu chapati zake.

Ukuta ungeanguka usiku ningekuwa nimewaua watoto wa ndugu yangu kwa kuona aibu. Hilo linaninyima usingizi.

Nakuomba uje uwashe moto. Kama utakuja kwa ajili ya Lornah peke yake, njoo hivyo, nami nitabeba shoka na kunyamaza. Lakini anayeomba ni mimi, na naomba kwa ajili yangu pia.

Gordon

*

Chwele
5 Novemba 1997

Gordon,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Habari ya mfalme ungeipunguza nusu. Dorca wa watu ungemwacha na chapati zake. Na pale uliposema umeichana barua ya kusahihisha tarehe, ulikuwa umeshanisahihisha. Nne kwa kumi.

Nitafika Bondo Ijumaa tarehe kumi na nne pamoja na watoto, tujenge Jumamosi. Nimeshamwandikia Lornah kwamba jiko nalitaka upande wa ziwa, upepo uchukue moshi. Jogoo awe mkubwa, usilete kifaranga mbele ya baba mdogo. Shoka ulinoe kabla, si siku ile. Moto nitauwasha mwenyewe, na usisimame nyuma yangu ukitazama kama umewaka.

Nitalala katika nyumba hiyo siku zinazotakiwa na mila, ili Oduor naye ajenge roho yake ikiwa imetulia. Baada ya siku hizo sijaahidi kitu.

Jioni nitapika omena. Ukifungua mdomo, iwe ni kula.

Maximilla